Mkuku Uliokatwa Makambako

Nyuma ya maegesho ya malori pale Makambako kuna kiwanja cha mbao ambacho hakifanani na vingine. Viwanja vingine vimejaa mbao za paa na mirunda ya kujengea. Hiki kimejaa mbavu. Ni mbao zilizochongwa zikapinda, kila moja ina namba yake ya rangi nyekundu, zimeegemezwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa. Ni mbavu za boti. Kutoka hapo hadi kwenye maji yanayoweza kubeba boti ni safari ya siku nzima, na mvua ikinyesha ni siku mbili.

Mwenye kiwanja ni Elius Mgaya, Mbena wa huko huko, mtu wa makamo, mrefu kidogo, mwenye sauti ya chini. Madereva wa malori wamempa jina: Kapteni wa Nchi Kavu.

"Kapteni, leo mawimbi yakoje?"

"Kapteni, maji yakifika hapa Makambako usisahau kunipitia nyumbani!"

Elius hutabasamu, huinamisha kichwa, na huendelea kupiga randa. Hajawahi kuwajibu. Aliishia darasa la saba, na tangu shuleni alikuwa mtoto anayejua jibu lakini hanyooshi mkono. Siku moja mchungaji alimwomba asome matangazo kanisani. Alisimama, akaiangalia karatasi, akakaa tena. Watu walidhani anaumwa.

Kazi ya boti alijifunzia Manda, kwenye Ziwa Nyasa, alikoteremka akiwa kijana kuuza viazi na akabaki. Fundi wake aliitwa Mzee Benno, Mpangwa mmoja mkali, aliyejenga boti na kuziendesha mwenyewe. Manda hakuna bandari ya kujificha. Ni mchanga mtupu, ziwa liko wazi mbele yako, na upepo wa kusini ukikasirika mawimbi hutoka mbali sana bila kizuizi, yakaja kuvunjikia hapo hapo. Ndiyo maana tangu zamani watu wa pale wamegawanyika. Wako wanaosema dhoruba ikija, vuta boti nchi kavu uifunge. Wako wanaosema iondoe haraka, ipeleke kwenye kina, uitie nanga na uielekeze pua kwenye upepo, kwa sababu kinachoua boti ni ardhi inapoipiga kwa chini. Mzee Benno alikuwa wa hawa wa pili.

Mwaka wa pili wa Elius kule ikaja dhoruba. Mzee Benno akasukuma boti majini, akageuka akasema, "Panda."

Elius alikuwa ameshika kamba. Alitaka kupanda. Miguu haikunyanyuka. Mzee alimtazama kwa muda kama wa kuhesabu hadi kumi, akaichukua kamba mkononi mwake taratibu, akaondoka peke yake. Kesho yake mchana alirudi na boti nzima, macho mekundu. Boti mbili zilizobaki ufukweni zilikuwa kuni. Hakumgombeza. Alisema tu, "Mkono wako ni wa mbao, kijana. Si wa maji." Hata binti yake Dafroza alimpa amwoe, na katika mahari hakusumbua. Lakini neno lile Elius alirudi nalo Makambako na hakulisimulia kwa mtu.

Huko juu ndiko kwenye miti. Basi akabuni utaratibu wake: anachonga boti nzima Makambako, anaipa kila mbao namba, lori linaziteremsha, na kule Manda shemeji yake Vitus, mdogo wake Dafroza, anaziunganisha kwa kufuata namba. Boti kumi na moja zimepita hivyo. Ya kumi na moja ndiyo kubwa kuliko zote, na Vitus mwenyewe ndiye nahodha wake. Waliipa jina la mama mkwe aliyefariki, *Mama Devota*. Ndiyo iliyokuwa ikipeleka unga, bati, wajawazito na maiti kwenye vijiji vya mwambao ambavyo gari halifiki.

Na katika boti hiyo ndimo Elius alimofanya kosa.

Kila boti ina mkuku, ule mti mmoja mnene unaopita chini kuanzia mbele hadi nyuma, kama uti wa mgongo. Mkuku wa *Mama Devota* ulikuwa mlingoti, yaani mkaratusi, ulionyooka, mita tisa, Elius aliukausha miezi minane kivulini. Siku ya kupakia, dereva Lenard alikuja na Fuso fupi badala ya lori lake refu, ambalo lilikuwa limeharibika giaboksi.

"Mzee Elius, mti huu utatokeza kwa nyuma mita tatu," Lenard alisema, akiuzunguka. "Zile kona za Ludewa nitafagia nyumba za watu. Kata, uunge mbele ya safari. Si mbao tu?"

Kulikuwa na wapakiaji sita wamesimama wakisubiri, wamekunja mikono. Kusema hapana ilimaanisha kueleza, mbele ya watu wote hao, kwa nini mti ule haukatwi. Elius alichukua msumeno akaukata katikati.

Aliteremka na lori mwenyewe. Vitus alikuwa safarini siku hiyo. Elius akaunga vile vipande viwili kwa bolti sita. Pale kwenye kiungo vipande vilitakiwa vilaliane futi nne. Kwa vile mti ulishakatwa mfupi, alipata futi mbili tu. Akapigilia bati juu yake, akapaka lami. Vitus aliporudi aliuliza, "Shemeji, hili bati la nini?"

"La kuzuia mchanga usiule mkuku," Elius alisema.

Yalikuwa maneno mepesi. Mwaka mzima boti ilikwenda na kurudi, na Elius akaanza kujiaminisha kwamba hakusema uongo.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne. Huko juu kulikuwa na ukungu na manyunyu ya kawaida, Dafroza anakoroga uji, redio iko dirishani. Mtangazaji akasema kuna kimbunga kimetoka Bahari ya Hindi, kimeingia nchi kavu upande wa kusini, kimepungua nguvu, lakini upepo mkali na mawimbi makubwa yanatarajiwa Ziwa Nyasa kuanzia jioni. Vyombo vyote visitoke.

Dafroza aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Mpigie Vitus."

Vitus alipokea, nyuma yake kukisikika kelele za watu na mawe yakigongana.

"Shemeji, kamwene! Mmesikia huko kwenye baridi?"

"Tumesikia. Redio inasema msitoke."

"Redio iko Dar es Salaam. Huku wenye boti ndogo wanazivuta juu, na serikali ya kijiji imetuambia wote tuvute. Nimewaambia nipeni watu mia. *Mama Devota* haivutiki, uliichonga kwa mlingoti, ni nzito kama kanisa. Nikiiacha hapa imefungwa, hadi asubuhi itakuwa vijiti vya meno. Naitoa saa saba, mimi na Tarsis. Kilomita moja na nusu, natia nanga, namaliza."

Elius alishika simu kwa mikono miwili. "Unapakia nini?"

"Mawe. Nayalaza kama baba alivyokuwa anafanya, uzito wote katikati, boti itulie."

Hapo Elius aliona kama mtu amemmwagia maji mgongoni. Uzito wote katikati, juu ya kiungo. Boti ikinyanyuliwa na mawimbi mawili, moja mbele na jingine nyuma, mawe yatakandamiza pale katikati ambapo hakuna maji ya kushikilia, na futi mbili zile zitafunguka kama mdomo.

"Vitus," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Kuhusu ule mkuku..."

"Mkuku umefanyaje?"

Alisikia Tarsis, fundi wa injini, akicheka kwa nyuma na kusema, "Mwambie Kapteni aje atuendeshe!" Wengine wakacheka.

"Basi. Mungu awatangulie," alisema. Simu ikakatika.

Dafroza alikuwa akimwangalia. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kumwambia asitoke."

"Kwa nini asitoke? Wewe na watu wenu wa huku, kila kitu mnataka kikae chini. Baba alitoka mara saba. Boti ikiwa kwenye kina inapanda na kushuka, basi. Kwenye mchanga inapigwa."

"Kwenye kina kuna mtu ndani yake, Mama Rejoice. Boti ikivunjika mchangani, mtu yuko nyumbani kwake anakunywa chai."

"Na kesho atakula nini?"

Elius akaenda kiwanjani, akawasha msumeno, akauzima. Akashika randa, akaiweka. Ubavu namba kumi na nne ulikuwa mbele yake na hakujua afanye nao nini. Saa nne na nusu ilipogonga alirudi nyumbani karibu anakimbia, na Dafroza alipomwona mlangoni akasimama bila kuambiwa.

"Niliukata," Elius alisema.

"Ulikata nini?"

"Mkuku. Ni vipande viwili. Nilifunika na bati."

Dafroza alikaa kitini, akasimama tena. "Kwa sababu gani?"

"Haukuenea kwenye lori."

"Lori." Alilirudia neno hilo kana kwamba hajawahi kulisikia. "Ndugu yangu anakwenda kulala juu ya maji kwa sababu ya lori. Mpigie! Unanitazama nini? Mpigie!"

Simu ya Vitus iliita bila kupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu ikawa haipatikani. Bila shaka ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, kama kawaida yake anapoingia majini. Dafroza alimnyang'anya mumewe simu, akamtafuta Margareth, mwenye duka lililo ufukweni kabisa, rafiki yake tangu utoto.

"Margareth! Ni Dafroza. Vitus ameshaondoka?"

"Bado, namwona, anapakia mawe ya mwisho. Mbona unapiga kelele?"

"Mwite. Haraka, shoga yangu, mwite."

"Wee! Hapa kuna upepo, hatanisikia. Ngoja, nina spika ile ya matangazo ya duka. Nitaweka simu kwenye kipaza, mseme wenyewe, atasikia hata akiwa Malawi."

Dafroza akamnyooshea Elius simu. "Sema."

"Sema wewe."

"Mimi sijui kiungo kikoje. Sema wewe."

Zile spika Elius alizijua. Zilisikika ufukwe mzima, hadi kanisani. Kwa muda huo watu wote wa Manda walikuwa pale, wanavuta boti zao, na kila mmoja alimjua yeye ni nani: mkwe wa Mzee Benno, yule aliyeshindwa kupanda. Alifumba macho kama mtoto anayekunywa dawa chungu.

"Vitus. Ni mimi Elius." Alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kupitia simu, kubwa, ya mtu asiyemjua. "Usipakie mawe katikati. Mkuku wa boti hiyo si mzima. Niliukata Makambako ili uingie kwenye lori. Ulipokatwa pako chini ya bati. Kiungo ni kifupi. Nilikudanganya kuhusu mchanga. Nisamehe. Iache boti, shemeji. Iache ife hapo hapo."

Ukasikika upepo, kisha sauti za watu, nyingi kwa pamoja, halafu mtu anahema karibu na simu.

"Rudia," Vitus alisema.

Akarudia.

"Mwaka mzima," Vitus alisema. "Nimepandisha wajawazito humu. Nimempandisha mwanangu."

"Najua."

"Hujui. Wewe unakaa huko juu unakula viazi." Akavuta pumzi. "Sasa unaniambia niiache. Nikiiacha hapa itagonga mchanga mbele na nyuma, kiungo chako kitafunguka, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nikitoka nje nikipakia mawe, kitafunguka."

"Ndiyo."

"Nikitoka bila mawe, itapinduka."

"Gawa mawe," Elius alisema haraka, na sauti yake sasa ilikuwa ya fundi, haikuwa na aibu. "Nusu mbele kabisa, nusu nyuma kabisa. Katikati usiweke hata jiwe moja. Uzito ukiwa kwenye ncha zote mbili, kule chini kutajibana badala ya kufunguka. Na kamba ya nanga iachie ndefu, ndefu kuliko anavyofanya mtu yeyote, boti isikatwe kwa ghafla. Lakini nakuomba usiende."

"Tarsis!" Vitus aliita. "Gawa mawe!"

Ndipo ikasikika sauti ya Tarsis, mbali kidogo na simu. Haikuwa na mzaha tena. "Bosi, mimi nina watoto wanne. Sipandi boti iliyokatwa."

"Ulikuwa unapanda jana."

"Jana sikujua."

Elius alijua kinachofuata kabla hakijasemwa, kwa sababu alishawahi kukiona, akiwa ameshika kamba.

"Basi nitakwenda peke yangu," Vitus alisema. "Dada yangu yupo hapo? Mwambie boti hii ina jina la mama."

"Vitus!" Dafroza alipiga yowe, lakini simu ilikuwa imesharudi kwa Margareth, naye alikuwa akilia.

Lenard alikuwa anakunywa supu kwenye kibanda karibu na maegesho. Alimwona Elius anakuja kichwa wazi kwenye manyunyu, akaanza, "Kapteni, leo..." kisha akaitazama sura yake akaweka kijiko chini.

"Lori lako lina nini?"

"Mbolea, naishusha Njombe."

"Ukishaishusha nipeleke Manda."

"Manda? Na mvua hii? Mzee, ile njia sasa hivi ni uji."

"Lenard," Elius alisema, na wateja wote wa kibanda wakageuka, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Uliniambia nikate. Nilikata. Mtu yuko juu yake sasa hivi. Nipeleke."

Lenard hakumaliza supu.

Safari ile haina haja ya kusimuliwa yote. Mbolea ilishushwa Njombe kwa fujo, Elius mwenyewe akibeba mifuko. Baada ya hapo kila kilima kilikuwa na lori limelala ubavu na watu wanachimba. Mbele ya Ludewa walizuiwa na mti uliodondoka, hadi palipokucha. Simu ya Margareth haikupatikana tena. Mnara ulikuwa umezimika. Ujumbe wa mwisho ulikuwa umeingia jioni: *Tunamwona bado. Anapanda na kushuka.* Elius aliusoma mara nyingi hadi chaji ikaisha. Baadaye Lenard alisema mzee yule hakulala wala hakuzungumza, alikuwa akipiga hesabu kwa vidole kwenye dashibodi, futi mbili, bolti sita, futi mbili, bolti sita.

Walifika Manda saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, upepo umepungua, lakini ziwa bado lilikuwa limechafuka, la rangi ya tope. Katika boti zilizovutwa juu, nyingi zilikuwa salama. Tatu mawimbi yalizifuata hadi zilipo yakazivunja. Watu walikuwa wamesimama ufukweni, wote wakitazama upande mmoja.

*Mama Devota* ilikuwa pale pale, kilomita moja na nusu. Lakini ilikuwa imekaa chini mno. Ukingo wake ulionekana na kupotea. Juu yake kulikuwa na kitu kidogo kinachoinama na kuinuka, kinachoinama na kuinuka.

"Anachota maji," Margareth alisema. Hata hakumsalimia. "Tangu jana anachota. Injini imezama. Na mbao za katikati zimeachana. Nimeziona kwa darubini ya bwana uvuvi."

"Kwa nini hakuna aliyemfuata?"

Mitumbwi miwili iliyojaribu alfajiri ilikuwa imepinduliwa na mawimbi ya ufukweni, na waliokuwamo walikuwa wamekaa mchangani wamefunikwa mablanketi. Wenye boti ndogo za injini walitazama chini.

Elius alirudi kwenye lori. Nyuma ya kibanda cha dereva kulikuwa na minyororo miwili ya kufungia magogo na ile fimbo ya chuma ya kukazia. Kila mtu wa Makambako anajua kazi hiyo: unazungusha mnyororo kwenye magogo, unachomeka fimbo, unasokota hadi magogo yanalia, na hapo hata lori likiruka shimo hayatawanyiki. Alibeba mnyororo mmoja begani pamoja na fimbo, akatembea nao hadi kwenye mmoja wa mitumbwi ile miwili, akautumbukiza ndani. Ndipo alipogundua kwamba hajui kupiga kasia.

Alisimama hapo, maji kwenye magoti, na miguu yake ikaanza ule mchezo wake wa zamani. Ikawa mizito. Alihisi macho ya watu mgongoni.

"Sogea mbele, Mzee."

Alikuwa Tarsis, kifua wazi, kasia mkononi, uso umevimba kwa kulia au kwa kukosa usingizi.

"Wewe ulisema, mimi nikaogopa," Tarsis alisema. "Aliyebaki kule ni mmoja. Ukipanda panda, ukibaki baki, mimi naondoka."

Elius alinyanyua mguu mmoja kwa mikono yake miwili, kama anayenyanyua gogo, akauweka ndani ya mtumbwi. Mwingine ukafuata.

Mawimbi ya kwanza matatu yaliwajaza maji hadi kiunoni. Elius alichota kwa sahani ya bati, akatapika, akachota. Hakuangalia mbele. Alimsikia Tarsis akitukana kila wimbi kwa Kipangwa kwa majina ya wakwe zake. Kisha wimbi likainua kitu kikubwa cheusi juu yao, na Elius akaliona bati lake lenye lami, limebanduka upande mmoja, linapepea kwenye maji.

Vitus hakuacha kuchota. Midomo ilikuwa imepasuka, viganja vimechunika. Alimtazama aliyepanda, akatazama mnyororo.

"Umekuja," alisema kwa sauti ya mchakacho.

"Nimekuja."

"Umechelewa mwaka mzima. Shika ndoo."

"Tarsis atashika ndoo. Mimi nafunga."

Walipitisha mnyororo chini ya pua, mmoja huku mwingine kule, wakauburuta kwenda nyuma hadi ulipokumbatia tumbo la boti kwenye kile kiungo. Elius akachomeka fimbo akasokota. Mbao zilizoachana zikaanza kurudiana, zikilia. Alisokota hadi mishipa ya shingo ikamsimama, akaegemeza fimbo kwa bega lake ili isirudi, kwa vile hakukuwa na pa kuifungia. Maji yaliendelea kuingia, lakini sasa ndoo mbili ziliweza kuyashinda, kidogo. Kila wimbi lilipowanyanyua, fimbo ilijaribu kumtupa, naye aliisukuma. Alikaa hivyo, bega kwenye chuma, zaidi ya saa tatu, hadi mawimbi yalipotulia vya kutosha na boti moja ya injini ikathubutu kuja kuwavuta.

"Inaumia?" Vitus alimwuliza wakati mmoja bila kumtazama.

"Ndiyo."

"Vizuri."

*Mama Devota* haikupona. Ilivutwa taratibu hadi ufukweni, na ilipogusa mchanga tu, mnyororo ukakatika na boti ikafunguka katikati kwa mlio ambao watu wa Manda bado wanauiga. Vipande viwili vilikaa pale, kila kimoja kina mawe yake. Vitus alishuka kwenye maji ya magoti, akatembea mpaka juu, akapita katikati ya watu, akaenda nyumbani kwake kulala. Hakumsemesha shemeji yake siku ile, wala mwezi ule.

Bega la kulia la Elius halinyanyuki tena kupita sikio. Bado anachonga, polepole. Kijijini Manda waligombana muda mrefu kuhusu jambo lile: wengine wanasema boti zilizovutwa nchi kavu ndizo zilizopona, ushahidi uko wazi, wengine wanasema boti nzuri ingetoka na kurudi kama za Mzee Benno. Dafroza na mumewe nao hugombana hivyo hivyo jikoni, na hakuna anayeshinda.

Mwezi wa nane, Vitus alipiga simu. Hakuuliza hali. Alisema, "Nataka mkuku. Mita tisa." Akakata.

Sasa pale kiwanjani, kwenye lango, umewekwa mti mwembamba wa mita tisa, umelazwa juu ya nguzo mbili. Lori likija kubeba boti, kwanza linasimamishwa sambamba na mti ule. Wiki iliyopita Lenard alikuja na Fuso.

"Kapteni," alisema, akikuna kichwa, "limepungua mita tatu tu."

Wapakiaji walikuwa wamesimama, wamekunja mikono, wanasubiri.

"Rudi nalo," Elius alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye kibanda cha supu. "Nitasubiri refu."